Kiganja Kilichogeuka

Siku hizi ukipita nyuma ya ilipokuwa gereji ya Billow, mjini Garissa, utaikuta ile ekseli ya lori imelala vumbini na rimu zake, kuku wakitaga pembeni. Vijana wanaiona chuma chakavu tu. Shuaib akifika hapo hupunguza mwendo, na moyo humrudisha mwaka ule wa ukame uliotangulia El-Nino, alipokuwa na kifua kipana na akili finyu.

Enzi hizo, baada ya alasiri, vijana wa mtaa walikutana pale kuinua ekseli kutoka chini hadi mapajani, mpaka magoti yanyooke. Bingwa alikuwa Diriye, rafiki yake tangu chuoni kwa maalimu. Na Diriye alikuwa safarini: Idi ikishapita tu angepanda basi la Nairobi, kisha ndege ya kwenda Kanada kwa kaka yake. Shuaib hakuwahi kumshinda. Mashindano ya Idi pili ndiyo yaliyokuwa nafasi yake ya mwisho, na aliitaka kuliko nguo mpya.

Tatizo halikuwa mgongo wala miguu. Lilikuwa mshiko. Ekseli ni nene, na ukiishika viganja vyote vikitazama chini, huzunguka vidoleni ikachopoka kama sabuni. Diriye alimwambia mpaka akachoka.

"Geuza mkono mmoja, warya! Huu utazame chini, ule utazame juu. Ikitaka kuzungukia huku, huku inazuiwa."

"Kiganja cha juu ni cha ombaomba. Mimi sikingi."

"Haya, endelea kuiangusha kwa heshima zako."

Wenzao walicheka. Shuaib hakucheka. Katika ukame wa kabla ya huo alimwona baba yake, mtu aliyekuwa na ng'ombe wa kujaza malisho ya Sangailu, amesimama kwenye foleni ya msaada akikinga mahindi kwa viganja viwili. Mzee hakulisema jambo hilo hadi anakufa. Tangu hapo mtoto wake akaapa mkono wake hautageuka, na sikio la kufa halisikii dawa.

Yeye akaona dawa ni hina. Mkesha wa Idi, dada yake Saynab alipokuwa akiwapaka wasichana, naye akanyoosha mikono ili ngozi ya viganja ikakamae.

"Bi harusi," Saynab akamwambia, "na bwana ni nani? Ekseli?"

Asubuhi, watu wakitoka kuswali na kanzu zao nyeupe, Abti Gelle, ndugu wa mama yake, alikuja mbio kutoka upande wa daraja. Alikuwa amewaswaga ng'ombe wake kutoka Sangailu kuwaleta mtoni, na hadi hapo alibaki mmoja tu. Huyo naye alikuwa ameanguka maji yakionekana.

"Abti, asiposimama sasa hasimami tena," mzee alimwambia Shuaib, kwani mjomba na mpwa huitana kwa jina hilohilo.

Shuaib na Diriye walikwenda na kanzu zao za Idi. Wafugaji wanaijua kazi hii: mmoja anashika mkia, wawili wanapiga magoti huku na huku, wanapitisha mikono chini ya tumbo na kushikana vifundo vya mikono. Shuaib alipitisha yake, viganja chini kama kawaida yake. Diriye naye viganja chini. Vidole vikateleza.

"Mmoja akinge!" Abti Gelle akapiga kelele.

Shuaib aliganda. Diriye, bingwa wa mji, alilala kifudifudi kwenye samadi, akageuza viganja vyote viwili juu.

"Nipe," alisema.

Wakafungana. Ng'ombe akainuka akitetemeka, akayumba, akauegemea mkono wa Diriye kwa uzito wake wote. Diriye aliuma meno lakini hakuachia mpaka kwato nne zilipokanyaga sawasawa. Abti Gelle, machozi yakimtoka, aliinua viganja vyake palepale akawaombea dua. Shuaib alivitazama viganja vya mzee kwa muda mrefu.

Idi pili, mbele ya watu wote, Shuaib aliinama juu ya ekseli na kugeuza mkono mmoja. Ikapanda mpaka mapajani kama iliyokuwa ikimsubiri. Shangwe! Akageuka kumtafuta Diriye. Alimkuta ameketi kwenye tairi, kifundo cha mkono kimevimba na kufungwa kitambaa.

"Mimi zamu yangu ilikuwa jana," Diriye alisema akicheka. "Tutashindana nikirudi."

Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini Shuaib alikuwa amemshinda mtu asiyeshindana, na utamu wa ushindi ule haukufika jioni. Basi lilipoondoka, Diriye alitoa mkono mzima dirishani, kiganja juu, na Shuaib akaushika kifundoni, akakimbia nao mpaka vumbi likamshinda.

Hakurudi. Mwaka juzi ilikuja simu kwamba amezikwa hukohuko, kwenye ardhi ya baridi.

Kwa hiyo Shuaib akiipita ekseli husimama kidogo. Haiinui, mgongo haumruhusu. Humwombea rafiki yake, viganja vyote viwili vikitazama juu.