Kilomita Elfu Saba za Mama Pindo

Jumanne asubuhi, alipomaliza kushona kitufe cha mwisho kwenye koti la rubani, fundi cherehani waliyemwita Mama Pindo alishusha ramani ukutani, akailaza juu ya meza ya kukatia. Karakana yake ilikuwa nyuma ya uwanja wa ndege, na kwa miaka ishirini na sita hakuna sare iliyopaa bila kupita mikononi mwake. Kutoka hapo hadi uwanja wa kule kwa bintiye ni kilomita elfu saba na mia moja, saa tisa hewani. Binti alikuwa na mimba ya miezi minane, na vibali vyake vya ukaazi havijatoka. Akiondoka kule, harudi.

“Ndefu mno hii,” alisema Mama Pindo, kama asemavyo akiletewa suruali ya mtu mfupi. Akapima, akakunja, akabana kwa pini, akashona.

Ndege ya siku ile ilifika kwa saa sita. Rubani aliporudi alipitia karakanani.

“Mama, umepunguza?”

“Saa tatu tu. Imekukaa?”

“Imenikaa. Ila pale juu ya bahari inabana kidogo.”

Akaachia nusu inchi. Yeye si fundi wa kulipua kazi.

Wiki iliyofuata safari ikawa saa mbili, kisha dakika arobaini. Abiria walinung’unika kwamba hawapewi tena chakula, wakazoea. Mama Pindo akawa anatembea kifua mbele, na haki yake.

“Shangazi,” muuza vitambaa alimtania, “na kwa mama mkwe wangu je? Kule nirefushie.”

“Lete ramani.”

Akaenda ofisi ya viza na nguo sita za mjukuu mkobani. Afisa wa dirishani alimjua. Alikuwa mzaliwa wa nchi ile aliko binti, na siku hizi yeye mwenyewe alikuwa akipanda ndege kwenda kwao kula chakula cha mchana na kurudi kazini.

“Hongera, mama. Kazi safi kabisa. Lakini hujathibitisha kwamba utarudi.”

“Dakika arobaini, baba! Nisirudi nina nini?”

“Ndiyo sheria. Omba tena mwakani.”

Hakulia pale. Alilia karakanani, akajifuta kwa kipande cha bitana, akaketi kwenye cherehani. Alishona ramani mpaka uwanja wa kule kwa bintiye ukasimama nje ya dirisha lake, ng’ambo ya uzio.

Mjukuu alizaliwa Alhamisi. Kilio chake alikisikia mwenyewe. Jumapili binti alimleta karibu na uzio.

“Mabega ya kwetu hayo!” alipaza sauti Mama Pindo, mpaka wapakia mizigo wakageuka. “Nani atakataa?”

Nguo alimkabidhi rubani. Ndege ikapaa, ikatua pale pale mbele ya macho yake, dakika nne. Binti akamvisha mtoto moja baada ya nyingine, zote sita zikamkaa sawasawa. Mlinzi wa uzio alizisifu sana, kisha akamwomba Mama Pindo arudi nyuma hatua mbili.