Viti vya Maman Sidonie

Maman Sidonie wa Etterbeek, mtaa wa hapa Brussels, alikuwa na viti kushinda kanisa letu, ila hakuna aliyewahi kuketi kwake. Watu wakitupa kiti barabarani, yeye anaokota. "Siku wageni wakija wengi," husema, "nitawakalisha wapi?" Viti vilipanda hadi dari. Yeye mwenyewe alikula amesimama jikoni, akalala bafuni ndani ya baignoire, lile beseni la kuogea, maana kitanda kilikuwa hakifikiki.

Basi Jumamosi wageni wakaja kweli: wakwe, kumposa binti yake Jémima. Papa Anaclet, mjomba wa kijana, mtu wa tumbo, alitangulia akakwama koridoni katikati ya viti. Nyuma yake ukoo mzima ulijipanga kwenye ngazi, na mimi, rafiki yake wa kanisani, mwishoni na sufuria yangu ya sombe, yaani kisamvu.

"Bon, maman," akasema Papa Anaclet, hata kugeuka hawezi, "kwetu mutu haombake bibi akisimama. Utatukalisha, ao turudi?"

"Karibuni, mukae!"

"Tukae wapi?"

"Viti iko mingi!"

Jémima machozi yakamlenga. Nikaona ndoa inafia kwenye ngazi. "Sidonie," nikaita, "tuvishushe!" Akakubali shingo upande. Tukapokezana viti mkono kwa mkono hadi nje, ukoo ukaketi kando ya barabara, utadhani unangoja tramu.

Shida moja: hapa Brussels kiti kikiwa nje ni cha yeyote. Papa Anaclet ndiyo kwanza anafungua kinywa, madame Mathilde wa ghorofa ya juu akapita, akabeba kimoja. Sidonie akarukia mguu. Wa kiti, si wa Mathilde. Wakavutana.

"Maman," akasema Jémima, "wanakungoja ukae. Ni kiti ao ni miye?"

Sidonie alikitazama. Kilikuwa na miguu mitatu. Akaachia kidole kimoja kimoja, akaja kuketi. "Muombe mbio, mbele ya wengine kupita na viti!"

Wakaomba, akakubali, nikapiga vigelegele. Papo hapo mvua. Kila mkwe akajifunika kiti kichwani, akakimbia nacho hadi kwake.

Kesho yake Papa Anaclet akapiga simu: "Maman, viti yako tulete lini?"

Sidonie alikuwa amelala kitandani mwake, uso umenawiri.

"Dimanche, Jumapili yenye inakuya. Mukuje tukule. Kila mutu na kiti yake. Na mukitoka, mutoke nayo."

Nikampigia makofi.

"Isipokuwa ile ya velours, ya kitambaa laini," akanong'ona kwenye simu, akinipa mgongo.