Diskaunti ya Mwalimu

Fundi hakuwa mtu wa diskaunti. Neno lenyewe lilimkera. Mteja akilitamka tu mbele ya cherehani, alimjibu, "Diskaunti kaombe kwa muuza nyanya zilizooza. Mimi nashona nguo." Hata mama mkwe wake alilipia gauni bei kamili, na mpaka leo hajamsamehe.

Sasa, mwanamke ana mume mkono wa birika namna hiyo, halafu siku moja yuko nyuma ya pazia anapiga pasi, anamsikia akinong'ona, "Mwalimu, lipa nusu tu. Iliyobaki ni diskaunti." Mkewe aliunguza kola.

Mwalimu mwenyewe alikuwa wa chekechea, hana mume, na kutembea anajua.

"Umempa diskaunti," mke alisema Mwalimu alipoondoka.

"Nani?"

"Usiniulize nani, baba watoto."

"Yule mteja wa siku nyingi." Fundi akainamia kitambaa, pua karibu iguse chaki.

Tangu hapo mke alimchunga kama maziwa jikoni. Fundi akahamishia cherehani mlangoni, kwenye jua, palepale anapopita Mwalimu akitoka kazini. Kila saa alikuwa akiita, "Mama watoto, hebu nitungie uzi, mikono ina jasho." Ahaa, mke akawaza, mikono imeanza kutoka jasho uzeeni! Wivu ulimpanda mpaka chakula kikawa hakipiti.

Ijumaa uzalendo ukamshinda. Akamngojea Mwalimu kwenye kona.

"Hilo gauni la diskaunti liko wapi? Nataka kuliona."

Mwalimu alitazama chini. Kisha akalitoa kwenye mfuko na kulikunjua. Mkono mmoja ulizidi mwingine kwa vidole vitatu, na mshono wa ubavuni ulikwenda upande kama njia ya mbuzi.

"Nilimwonyesha," Mwalimu alisema taratibu. "Akalishika, akalisogeza machoni, akaligeuza. Dada yangu, hakuona kitu. Alipopima kwa vidole ndipo akajua. Akaniomba nisikuambie."

Mke alisimama pale, aibu na hofu vikigombania nafasi moja kifuani. Mume wake haoni vizuri, na nyumba nzima inakula kwenye mkasi ule.

Alimkuta mlangoni, sindano mkononi.

"Mama watoto, hebu nitungie uzi, mikono ina jasho."

Aliishika mikono ile. Ilikuwa mikavu. Akatunga uzi, akachukua mkasi mezani.

"Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho. Na kuanzia leo kukata nakata mimi, wewe utakanyaga cherehani."

Fundi aliinamia cherehani.

"Mwalimu amekuambia."

"Ameniambia."

"Na wateja wakiuliza diskaunti?"

Mke alitandaza kitambaa, akapiga mstari wa chaki. Machozi yalimlenga, lakini mstari ulinyooka.

"Hatutoi," alisema.