Alama Nyuma ya Bangili

Verdine alijua kuna jambo pale tu alipoishika ile bangili. Ilikuwa nyepesi mno.

"Jiwe limechomoka nikiosha vyombo tu, mama," mteja alisema. Bi Hollis alikuwa ameendesha gari kutoka Albuquerque hadi hapa kijijini Zuni, ili bangili irekebishwe na mwenyewe aliyeitengeneza. "Muuzaji wa mjini Gallup aliniapia ni kazi ya mikono yenu."

Verdine aliigeuza. Kwa ndani palikuwa na alama yao: suke la hindi, lake yeye Mzuni mchonga mawe, na mshale wa marehemu mumewe Leland, Mnavajo wa kabila jirani, aliyefua fedha. Alipasha sindano moto, akaigusisha kwenye lile jiwe la buluu lililoitwa feruzi. Ikazama, pakanuka plastiki; jiwe la kweli halitoboki hivyo.

Binti yake Shaylene, aliyekuwa akisugua pete mezani, akaacha kusugua.

"Muhuri wetu wa kugongea alama umempa nani?" Verdine alimuuliza kwa Kizuni, taratibu kama anayeomba chumvi.

"Mama, si mbele ya mgeni."

"Mgeni hasikii Kizuni. Sema."

"Purcell, yule wa duka la Gallup. Alisema kuna pete zetu tulisahau kuzigonga alama. Alisema ni siku moja tu."

"Na wewe ukaamini. Jina la baba yako unaliazimisha kama sufuria?"

Shaylene akaiweka pete chini.

Gundi ilikuwa hapo hapo. Kulibandika lile jiwe kungechukua muda wa kunywa kahawa, na mgeni angeondoka akishukuru. Lakini kesho ingeletwa nyingine, na keshokutwa nyingine. Na kumwambia mgeni ukweli kulikuwa kumtia mwanawe mikononi mwa sheria, maana kuuza kazi bandia kwa alama ya wenyeji ni kosa la jinai. Ninyi wenye watoto, fungieni mihuri yenu kabla hamjafikishwa hapo.

"Hii sikuitengeneza mimi, dada," Verdine alisema kwa Kiingereza. "Alama ni yetu. Mwanangu alimwazimisha mtu muhuri, akaugonga kwenye vitu vyake."

Bi Hollis akaifunga bangili kwenye leso. "Itabidi niipeleke kwa wanaoshughulikia kazi bandia."

"Ipeleke."

Gari lilipoondoka, Shaylene alikuwa akilia. "Watanifunga, mama?"

"Sijui. Muhuri uko wapi sasa?"

"Bado anao. Nimempigia mpaka nimechoka. Hapokei."

Verdine akachukua funguo za gari. Shaylene akazipokea ili aendeshe yeye, hadi Gallup kuudai muhuri.