Geti la Mama Kipyegon

Barua niliiandika mimi, na sikuiandika kwa upole. Gibson alijenga flati za orofa tano kwenye barabara yetu, huku Kapsoit, akasahau kwamba wapangaji wana magari. Yakawa yanalala barabarani. Lori la majani chai lilishindwa kupita mara mbili, na Jumapili moja nilikosa kanisa kwa sababu ya Probox iliyoziba geti langu. Kaunti ilisema itamlazimisha Gibson ajenge maegesho iwapo nyumba zote kumi na moja zitatia sahihi kufikia Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Ijumaa saa tisa, nilibakiza sahihi ya Mama Kipyegon peke yake. Huyo alikuwa ametuzunguka. Alikuwa amewafungulia wapangaji wanne uani kwake, bure, na Gibson akapata la kujitetea. Nilikwenda nimefura.

Ua ule marehemu mumewe, Mzee Jonah, aliuacha mpana makusudi, kwa ajili ya magari ya watoto. Krismasi ulikuwa ukijaa hadi tunalalamika. Siku hizi Kipyegon yuko Australia, wawili wako Qatar, na tangu tumzike Jonah nyasi zilikuwa zimeota mpaka getini.

Sasa zilikuwa zimekanyagwa. Alinimiminia chai, akanieleza sharti lake kwa wapangaji: kila anayeingiza gari lazima apite jikoni kumwambia amefika. Alijua nani anafanya zamu hospitalini, nani mkewe ni mjamzito. Nilimwonea wivu, sitaficha. Nina watoto wawili Nairobi na sijui wanafika nyumbani saa ngapi.

Nikaweka barua mezani pamoja na kalamu. Aliisoma yote, polepole.

"Mwalimu, nikisaini, hizo gari zitaenda wapi?"

"Kwa Gibson. Ploti ni yake, ajenge."

"Na mimi nitakuwa nafungulia nani?"

Honi ililia nje, na mwanamke huyu anayelalamikia magoti kila Jumapili akatoka mbio na funguo mkononi, mvua ikimnyeshea. Nilimsikia akimuuliza mtu mbona leo amechelewa, kama amekula.

Nilikunja barua nikaitia mfukoni. Saa kumi na nusu wenzangu wa kamati ya barabara walinipigia simu wakitaka kujua kama amesaini. Nilikuwa bado jikoni kwake, nikiongeza maji kwenye sufuria kwa ajili ya mgeni.

Nikawaambia sikumkuta.