Komeo Hakufungwa

Timu ya taifa inaitwa Komeo, na hapa kwetu hata mtoto anayejifunza kutembea ukimuuliza kwa nini, atakujibu. Si mwaka ule wa kombe la kwanza tulicheza mpaka fainali bila mpira hata mmoja kuingia golini kwetu? Mlango ulikomewa. Tangu hapo tumebeba makombe mengine mawili na tumebadilisha makocha kama soksi, lakini mchezo wetu ni ule ule: komea mlango kwanza, mengine baadaye. Tunajivunia, na haki tunayo.

Ila hilo jina lilikuwa la mtu. Kipa wa mwaka ule ndiye aliyeitwa Komeo, tangu akiwa mtoto anadaka mipira ya matambara. Timu ilimrithi jina mwenyewe akiwa hai. Jamani, kurithiwa ukiwa hai!

Ilikuwa hivi. Waliporudi na kombe, mtangazaji wa redio aliwapitia mmoja mmoja: kombe hili ni la nani? Kila mchezaji akajibu kwamba ni la Mkubwa wa nchi. Zamu ya Komeo ikafika. Alikuwa mtu wa utani, tena amechoka. "La mama yangu," akasema. "Mkubwa hata mazoezini hakuja." Wenzake wakaangua kicheko, na nchi nzima ikakisikia. Wiki haikuisha, watu wa Mkubwa wakaja kumchukua. Alikaa jela miaka saba, akatoka na kifua kibovu, hakudumu. Picha yake kwenye ukuta wa uwanja ikapakwa rangi, na vitabu vya shule vikaandika kwamba Komeo ni timu. Waliojua wakanyamaza. Wangefanyaje?

Aliacha mke na binti mmoja. Binti ni msusi, na saluni yake ni sebule ya nyumba: makochi yamesukumwa ukutani, kioo kina ufa, taulo zimetundikwa kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha. Mama yake hukaa kwenye kiti cha plastiki akimchambulia nywele za kusukia. Siku moja mchana akaingia katibu wa chama cha mpira, amevaa suti, anainama kupita chini ya taulo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa hapo, angalia usikalie kichana."

Katibu akaeleza shida yake. Kombe la kwanza linatimiza miaka hamsini, na chama kimeamua kumrudisha mzee. Picha itachorwa upya, jina lake litasomwa uwanjani, na mama atakabidhiwa jezi mbele ya umma. Mikono ya msusi ikasimama kichwani mwa mteja.

"Na jela mtaitaja?" mama akauliza.

Katibu akakohoa. "Mama, yaliyopita si ndwele."

"Kwako wewe. Mimi ndiye niliyemuuguza."

"Mpira ni furaha, mama yangu. Utapewa kipaza sauti, utasema asante. Basi."

Alipoondoka, na mteja naye alipokwisha kulipa, binti akamgeukia mama yake. Shuleni walimwita mtoto wa haini. Alikula peke yake, alicheza peke yake, na hata alipofungua saluni watu walipita mbali kama panapouzwa sumu. Ndiyo kwanza wameanza kuja.

"Mama, nakuomba. Pokea jezi, sema asante, turudi nyumbani. Hao si watu wa kuchezewa."

"Hiyo jezi nitaivaa wapi mimi?" mama akasema. "Nataka watu wajue alichofanyiwa, kabla sijafa. Kingine sitaki."

Binti akalia kwa hasira. Mama akaendelea kuchambua nywele.

Siku ikafika. Uwanja ulifurika mpaka kwenye ngazi. Timu zikajipanga, katibu akasoma, na sauti yake ilikuwa tamu, tusimnyime haki yake. "Komeo halisi! Kipa ambaye katika mashindano yale yote hakufungwa!" Watu wakalipuka. Akamvisha mama jezi begani, akampa kipaza sauti.

"Alifungwa," mama akasema.

Kikazuka kicheko, kicheko cha upendo kabisa. Masikini bibi wa watu, uzee huo.

"Hakufungwa, bibi!" mtu akapaza sauti kutoka jukwaani.

"Alifungwa! Miaka saba…"

Nani amsikie? Jukwaa moja lilishaanza kupiga makofi, la pili likadakia, na uwanja mzima ukaimba kumliwaza: Ha-ku-fu-ngwa! Ha-ku-fu-ngwa! Loo, lugha yetu hii, neno moja kubeba bao na pingu! Mama akashusha kipaza sauti. Alipochukuliwa mumewe hakuinamisha kichwa, wala siku ya mazishi. Sasa alikiinamisha, na binti yake, aliyesimama ubavuni pake, akamwona.

Katibu akanyoosha mkono, anatabasamu, "Asante sana, mama." Mkono wa msusi ukawahi kipaza sauti.

"Jela!" akasema. "Mama anasema jela! Baba yangu alifungwa jela kwa ajili ya mzaha, na jina lake mkapewa nyinyi!"

Wimbo ukakatika jukwaa kwa jukwaa. Wazee ndio waliotangulia kunyamaza. Kule mbali, ambako hawakusikia vizuri, wachache waliendelea kuimba, kisha wakaona aibu wakaacha.

Kipa wa sasa akatoka kwenye mstari, akaja na glavu zake mikononi, kijana mrefu ambaye nchi nzima humwita mrithi wa Komeo bila kujua inasema nini.

"Bibi," akauliza, "mbona hatukuambiwa?"

"Ndiyo nimekuja kuwaambia, mjukuu wangu."

Kijana akakaa chini kwenye majani, hapo hapo miguuni pake. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na timu ya wageni ikasimama ikitazama. Mwamuzi akatoa filimbi mdomoni. Binti akamshikia mama yake kipaza sauti.

"Alikuwa anafua glavu zake," mama akaanza. "Nikamwambia, kuna watu mlangoni."