Vikombe Vigonjwa

Kila siku saa mbili na nusu asubuhi, mpimaji wa kiwanda cha dawa alitoa vikombe sita kwenye kabati la joto, kila kimoja kidogo kama kifuniko cha chupa. Ndani yake zilioteshwa seli za utumbo, safu moja tu, zimebanana bega kwa bega. Kati yao zimo protini zinazozishona, ili cha tumboni kisipenye hovyo kuingia mwilini. Alitumbukiza nyaya mbili, akasoma namba ya jinsi ukuta huo unavyozuia umeme kupita. Mia nne, ukuta mzima. Chini ya mia, mshono umeachia.

Siku hiyo vikombe vitatu vilivyotiwa dawa mpya ya kikohozi cha watoto vilisoma sitini.

"Hivyo vigonjwa," alisema bosi bila kuinua macho. "Vitoe."

Ndiyo ilikuwa desturi yao. Kikombe kikisoma vibaya kinaitwa kigonjwa, hakiingii kwenye ripoti. Mpimaji akavitoa. Akatoa na vya kesho yake. Aliona aibu, lakini mkono uliandika tu daftarini: kigonjwa, kimetolewa. Mkono una aibu gani?

Dawa ilipoingia madukani, mdogo wake alipiga simu.

"Dada, maziwa yanamtoka mtoto tumboni."

"Anatapika?"

"Wala. Yanapita kwenye ngozi. Nimeshambadilisha fulana nne tangu asubuhi."

"Unampa dawa gani?"

"Si hiyo ya kwenu? Nimeichagua kwa sababu yako."

Mpimaji alikwenda mbio. Mtoto alikuwa anacheka, mwepesi kupita kiasi, maziwa yakichuruzika kando ya kitovu, bado vuguvugu. Walipompeleka zahanati walikuta foleni nzima ya watoto waliofungwa taulo. Nesi alishauri taulo nene zaidi. Dawa waliimwaga chooni, lakini maziwa hayakukoma, na jamani, mtoto alizidi kuwa mwepesi.

Kesho yake mpimaji alimbeba hadi kazini, akamlaza juu ya meza ya bosi, akamwekea nyaya tumboni. Sitini.

Bosi alisogeza makaratasi yasilowe.

"Pole sana," alisema, na alimaanisha. "Lakini huyu ni mgonjwa. Mtoe."

Mpimaji alifungua mdomo kukataa. Mtoto alikuwa ameushika waya mmoja, anaunyonya. Alipotazama daftari, mkono wake ulikuwa umeshaandika: mgonjwa, ametolewa.